Mrututu Bila Maji Ni Mweupe

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ni wa buluu kwa sababu ya maji. Ukiyatoa maji hayo, buluu inaondoka nayo, na unabaki na unga mweupe unaokaribia kijivu, ambao mkulima wa kahawa wa Mbozi akiwekewa mezani hawezi kusema ni mrututu. Udondoshee matone mawili ya maji: buluu inarudi pale pale, na kisahani kinapata joto mpaka unalisikia kwa kidole. Nimefundisha kemia sekondari hapa Mbeya kwa miaka mingi na jambo hili halijawahi kunichosha.

Nataka kuliandika kwa kirefu kwa sababu darasani linapita haraka mno. Mwanafunzi anakariri CuSO₄·5H₂O, anajumlisha 159.5 za salfeti ya shaba na 90 za maji anapata 249.5, anapewa alama zake, basi. Anaondoka hajui kwamba ile nukta ya katikati inaeleza vitu vilivyopo kwenye duka la pembejeo, kwenye dari la sebuleni kwao na kwenye karavati analovuka kwenda shule. Maji yamo ndani ya vitu vikavu vingi sana, yamo kwa hesabu kamili, na asiyejua hesabu hiyo anaweza kuharibu dawa, kupoteza pesa au kujenga nyumba dhaifu.

Nianze na mrututu wenyewe, maana hakuna kitu kinachoonyesha habari hii waziwazi kuliko huo. Unapima gramu 5 za mrututu uliosagwa, unautia kwenye neli ya majaribio iliyo kavu kabisa, unaishika neli kwa koleo ikiwa imelala, mdomo ukiinamia chini kidogo. Usisahau kuinamisha. Maji yatakayotoka yatakusanyika karibu na mdomo, na yakirudi nyuma yakakutana na kioo cha moto, neli inapasuka. Unapasha polepole, ukisogeza mwali huku na huku. Mwanzoni huoni kitu. Kisha unasikia mlio mdogo wa kupasukapasuka, chembe zinaruka, na ukungu unaanza kutanda kwenye sehemu ya neli ambayo bado ina ubaridi. Ukungu unakuwa matone, matone yanaungana, yanateremka mdomoni. Kule chini rangi inapauka kuanzia pembeni kwenda katikati, inakuwa buluu hafifu, halafu nyeupe. Moto ukishikiliwa mahali pamoja kwa ukali, pembeni panaanza kuwa peusi na kunatoka moshi unaochoma pua. Hapo umeshapita kuondoa maji, umeanza kuivunja salfeti ya shaba yenyewe, na huo weusi ni oksidi ya shaba.

Kila darasa lina mwanafunzi mmoja anayeuliza, na huwa namsubiri kwa hamu: "Mwalimu, hayo maji yametoka wapi? Si ulisema neli ni kavu?"

Neli ilikuwa kavu na mrututu ulikuwa mkavu. Ukiusugua kwenye karatasi hauachi alama ya unyevu. Pima tena kile kilichobaki: zile gramu 5 zimekuwa 3.2. Gramu 1.8 zimetoka kama mvuke. Gawanya 1.8 kwa 18, ambao ndio uzito wa moli moja ya maji (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe), unapata 0.1. Gawanya 3.2 kwa 159.5, unapata 0.02. Uwiano ni tano kwa moja. Chukua mrututu safi wa duka la Mlowo, chukua wa Tukuyu, chukua ule wa chupa ya maabara uliosafirishwa kutoka ng'ambo, utapata tano tu.

Hiyo tano ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Mahindi kwenye gunia yanaweza kuwa na unyevu wa asilimia 18, au 15, au 13 na nusu, namba yoyote ile, kutegemea jua la juma lile na turubai la mkulima. Mrututu haufuati hali ya hewa namna hiyo. Kila ioni moja ya shaba, yaani chembe yake yenye chaji, ina molekuli tano za maji, wala si nne na nusu. Mwaka 1934 Waingereza wawili, Beevers na Lipson, walipiga fuwele ya mrututu, yaani punje yake yenye pembe, kwa eksirei wakaonyesha kila kitu kimekaa wapi: molekuli nne za maji zimeizunguka shaba kwa karibu, na ya tano haiigusi shaba kabisa, imeshikwa pembeni kati ya salfeti na yale maji mengine. Ndiyo maana hazitoki zote kwa pamoja. Ukipasha taratibu kwa kipimo cha joto, mbili zinatangulia kwenye nyuzi 60 na kitu, mbili nyingine zinatoka kwenye nyuzi 100 na kitu, na ile ya mwisho inang'ang'ania mpaka ukaribie au upite nyuzi 200.

Maji hayo yamesimama ndani ya fuwele kama nguzo ndani ya nyumba. Ukizing'oa, paa linashuka. Ndiyo maana jiwe zuri la mrututu lenye pembe kali linageuka unga ukilipasha, hata kama hukuligusa na kitu. Na buluu nayo inatokana na mpangilio huo. Ioni ya shaba iliyozungukwa na maji inameza mwanga wa upande wa nyekundu, na unaotufikia machoni ni ule uliobaki. Ukiiondolea maji, inaacha kuumeza mwanga huo, na rangi inapotea.

Wengi wa kizazi changu tuliujua mrututu shambani kabla ya kuukuta maabara. Baba alikuwa na kahawa Mbozi, enzi hizo bado Mkoa wa Mbeya, kabla ya Songwe kuwa mkoa mwaka 2016. Kutu ya majani ilipoanza kuonyesha unga wake wa rangi ya chungwa chini ya majani, na dawa ya dukani ikiwa imepanda bei, alichanganya mwenyewe: kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa iliyozimwa, maji lita 100. Mrututu unayeyushwa kwenye chombo chake, chokaa kwenye chake, halafu vinakutanishwa huku mtu anakoroga bila kusimama mpaka yapatikane maji mazito ya buluu ya mawingu. Vyombo ni vya plastiki au pipa la mbao. Debe la bati marufuku, na sababu yake ni ya kemia tupu: chuma kinaisukuma shaba itoke kwenye maji na chenyewe kinaingia mahali pake, hivyo debe linatoboka na dawa inapungua nguvu.

Baba alikuwa na kipimo kimoja tu. Alichukua kisu kisafi cha chuma, akakichovya ndani ya mchanganyiko, akasubiri kidogo, akakitoa na kukigeuza juani. Kikitoka na utando mwekundu, ni shaba imeganda juu ya chuma, yaani chokaa haijatosha na dawa itaunguza majani. Anaongeza chokaa, anakoroga, anachovya tena. "Mwanangu, usinipakilie bomba kabla sijachovya kisu," ndivyo alivyokuwa akisema kila msimu. Alikuwa hajakaa darasa la kemia hata siku moja, na kipimo chake hakina kasoro.

Mchanganyiko huo una asili ya Ufaransa. Wakulima wa zabibu wa eneo la Médoc walikuwa wanainyunyizia mizabibu ya kando ya barabara mrututu na chokaa ili wapita njia waone rangi mbaya na wasiibe. Profesa wa botania wa Bordeaux, Millardet, akaona kwamba mizabibu ile ya kando ya barabara haikushikwa na ukungu uliokuwa unamaliza mashamba. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza matokeo. Viazi vya Uporoto na Makete vinasumbuliwa na ukungu wa jamii hiyo hiyo ya vimelea, na shaba imekuwa mojawapo ya silaha za wakulima wa viazi duniani tangu wakati huo.

Sasa turudi kwenye ile kilo moja. Kipimo cha kilo 1 kwa lita 100 kinamaanisha mrututu wa buluu pamoja na maji yake. Ndani ya kilo hiyo maji ni gramu 361 hivi, na shaba ni gramu 254 tu. Mtu akipima kilo nzima ya ule uliopoteza maji, akidhani mrututu ni mrututu, anakuwa ameweka sawa na kilo moja na nusu na ushee ya mrututu wa kawaida. Chokaa ile ile haitatosha, na majani yataungua. Mrututu ukikaa wazi mahali pakavu kwa muda mrefu unaanza kufanya vumbi la rangi iliyopauka juu yake, kwa hiyo mfuniko unaobana si urembo. Na kwa kuwa nimeutaja mara nyingi niseme wazi: ni sumu. Usiuweke kwenye chupa ya soda, usiupimie kwa kijiko cha jikoni, na maji yaliyobaki usiyamwage mtoni, shaba inaua samaki.

Hesabu hii inawagusa wakulima wa mahindi kuliko wanavyodhani. Zinki ikipungua shambani, mahindi machanga yanafanya mistari myeupe kwenye majani kuanzia karibu na shina, na dawa yake ya kawaida ni zinki salfeti. Nilikuwa kwenye duka moja la pembejeo, mama mmoja mbele yangu ameshika mifuko miwili ya kilo moja moja, mmoja bei ya chini, mwingine juu. Akamuuliza muuzaji:

"Kaka, hii ya bei ndogo si ndiyo ile ile?"

"Ndiyo ile ile, mama. Zinki ni zinki."

Nilimwomba mama anipe mifuko niisome. Wa bei ndogo ulikuwa na molekuli saba za maji kwa kila zinki moja. Wa bei kubwa ulikuwa na molekuli moja. Wa kwanza una zinki asilimia 22.7 kwenda chini, wa pili unafika 36.4. Maana yake, kilo moja ya huu wa pili inafanya kazi ya kilo 1.6 ya ule wa kwanza. Hakuna ulio wa bandia hapo, yote ni dawa halali, lakini mama huyo akinunua wa bei ndogo na kufuata kipimo cha jirani yake aliyenunua wa bei kubwa, shamba lake litapata zinki pungufu kwa zaidi ya theluthi, na mwakani atasema dawa haifanyi kazi. Tulikaa pale kaunta tukagawanya bei kwa asilimia ya zinki, mfuko kwa mfuko. Muuzaji naye alisogea akatazama, na kwa heshima yake niseme aliuliza maswali mazuri. Magnesiamu salfeti ina mtego huo huo: yenye maji saba ina magnesiamu chini ya asilimia 10, yenye maji moja inazidi 17. Tazama asilimia ya kirutubisho kwenye mfuko kabla ya kutazama bei.

Magadi nayo yamo kwenye kundi hili, yale mawe ya kulainishia maharage. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 94, na maharage yanatafuna mkaa. Hakuna mama asiyejua kipande cha magadi kinaokoa nini, ingawa vitamini B1 inapotea. Magadi ya asili ni kabonati na baikabonati ya sodiamu zilizoungana, na maji ndani yake ni karibu asilimia 16 ya uzito. Nisikae hapo sana.

Nikae kwenye jasi, ile ambayo mafundi wa dari wanaiita jipsamu. Inachimbwa Makanya kule Same, inachimbwa Itigi, na ni kalisiamu salfeti yenye molekuli mbili za maji. Karibu asilimia 21 ya uzito wa jiwe hilo ni maji. Mwaka 1765 Antoine Lavoisier, akiwa kijana wa miaka 21, aliwasilisha mbele ya wanasayansi wa Paris kazi yake ya kwanza ya kemia, na ilihusu jasi. Alionyesha kwamba jasi ikipashwa inatoa maji, na kwamba ule unga uliopashwa unapochanganywa na maji na kuganda, unachukua tena yale uliyonyang'anywa. Ukiipasha kwenye nyuzi 120 mpaka 150 hivi, robo tatu ya maji inatoka na unapata unga unaogeuka jiwe ndani ya dakika chache ukiulowesha.

Unga huo ndio hogo la hospitali. Mdogo wangu alipovunjika mkono nilikuwa nimekaa pembeni wakati daktari anamzungushia bendeji zilizoloweshwa, na baada ya muda akaanza kulalamika: "Kaka, linaunguza." Daktari akacheka, akamwambia atulie. Lilikuwa linapata joto kweli, kwa sababu maji yanapoingia mahali pake ndani ya fuwele yanatoa joto, kama kile kisahani cha mrututu. Siku hizi hospitali nyingi zinatumia aina nyepesi isiyo ya jasi, lakini ile ya unga mweupe bado ipo.

Kwenye dari jasi inafanya kazi nyingine ambayo wenye nyumba wengi hawaambiwi. Moto ukishika chumba, dari la jasi linaanza kutoa yale maji yake, na kadiri maji yanavyozidi kutoka, upande wa pili wa ubao haupandi sana kupita nyuzi 100. Moto unalazimika kwanza kuyachemsha maji yaliyofungwa ndani ya ubao mkavu. Hizo ni dakika za kutoa watoto nje. Dari la plastiki halina kitu hicho, na mimi nikijenga sitaliweka.

Saruji ndiyo inayonikera, na hapa nitasema kwa urefu. Klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, inachomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi na inatoka haina maji hata chembe. Inasagwa pamoja na jasi kidogo, asilimia 3 mpaka 5, na bila jasi hiyo saruji ingeganda kabla fundi hajaichota. Ukitia maji, kinachofuata si kukauka. Saruji inakunywa maji na kuyafunga ndani ya madini mapya. Mojawapo ya madini hayo, linaloundwa saa za mwanzo kwa msaada wa ile jasi, lina molekuli 26 za maji kwenye fomula yake moja. Zege likishakomaa kabisa, kila kilo ya saruji imefunga moja kwa moja karibu robo kilo ya maji ambayo hayatatoka kwa jua wala upepo. Hayo ndiyo yanayolipa ugumu wake.

Nilipita Iringa mwezi wa Oktoba, upepo wa kule unajulikana, unakausha nguo kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika. Pembeni ya barabara palikuwa na kiwanja cha tofali za saruji zimepangwa juani, za jana yake, zimeshapauka. Nikamsalimu fundi, "Kamwene," akaitikia vizuri, tukaongea.

"Fundi, hizi humwagilii maji?"

"Nilimwagilia jana, mwalimu. Zimeshakauka, kesho zinaondoka."

Alikuwa anasema kweli kwa jinsi alivyofundishwa. Tofali limekauka, ukiligonga linalia, mteja anaridhika. Lakini kukauka ndiko kunakolinyima nguvu. Maji yakiondoka na upepo siku ya pili, chembe za saruji zinabaki na kiini ambacho hakijapata maji ya kufunga, na uimara wake unakoma hapo hapo. Linahitaji kubaki na unyevu angalau siku 7, lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa au nailoni, limwagiliwe asubuhi na jioni. Maji ya ndoo chache ni rahisi kuliko mfuko wa saruji. Tulikubaliana angalau ajaribu na rundo moja, alilinganishe na lingine kwa kuangusha tofali kutoka kiunoni. Sielewi kwa nini jambo hili halibandikwi kwenye kila kiwanja cha tofali nchi hii.

Kuna jingine dogo la mafundi. Wakati mwingine saruji inakaza ghafla dakika chache tu baada ya kuchanganywa, na fundi anakimbilia kuongeza maji. Mara nyingi ni ile jasi: joto la kinu cha kusagia liliipunguzia maji, na sasa inayarudisha kwa haraka. Endelea kukoroga bila kuongeza kitu, italegea. Ukiongeza maji umelegeza zege lako kwa maisha yake yote.

Tofali la kuchoma linakwenda kinyume. Udongo wa mfinyanzi ulioanikwa juani wiki nzima bado una maji, ila hayamo tena kama molekuli kamili, yamegawanyika na kuwa sehemu ya udongo wenyewe. Kwenye udongo mweupe wa kaolini yanafika karibu asilimia 14 ya uzito. Yanatoka tanuri likipita nyuzi 500 hivi, na yakishatoka hayarudi. Tofali bichi likinyeshewa linarudi tope, lililochomwa haliwezi. Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema vinashika maji ya Ziwa Nyasa kwa sababu hiyo hiyo.

Nimeutaja udongo kwa makusudi, maana ndio unaonifikisha Ivuna.

Watu wakija Songwe wanapelekwa Ndolezi kuona kimondo cha Mbozi, tani 16 hivi za chuma na nikeli, na wanastahili kupelekwa. Lakini kusini mashariki mwa Ziwa Rukwa, wilaya ya Momba ya leo, kuna Ivuna. Mahali hapo pana chemchemi za chumvi, na watu walichemsha maji yake kupata chumvi kwa karne nyingi. Wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1960 walikuta vilima vya mabaki ya kazi hiyo. Chumvi hiyo ya kula, kwa taarifa yako, haina maji ya fuwele, yale ya hesabu kamili, kwenye joto letu la kawaida. Ile mipasuko unayoisikia ukiitupa kwenye kaa la moto ni maji yaliyonaswa kwa bahati ndani ya punje, hayana hesabu yoyote.

Desemba 16, 1938, jiwe lilianguka hapo kutoka angani. Lililookotwa halikufika hata kilo moja, gramu mia saba hivi, jeusi, laini kiasi kwamba unaweza kulivunja kwa vidole. Hakuna chuma cha kujivunia ndani yake. Sehemu kubwa ni madini ya jamii ya udongo wa mfinyanzi, yenye maji yaliyofungwa tangu mwanzo wa mfumo wa jua, miaka zaidi ya bilioni 4.5 iliyopita, wakati barafu ndani ya mwamba mama, ule kimondo kilikomegekea, iliyeyuka na kuloweka mawe. Ukiondoa gesi nyepesi kama hidrojeni na heli, uwiano wa elementi ndani yake unakaribiana mno na wa jua lenyewe. Vimondo vya aina hii vilivyoonekana vikianguka ni vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kundi lao duniani kote linaitwa CI. Ile I ni Ivuna.

Wanaolichunguza wanafanya kile kile tunachofanya na neli na mizani, kwa vifaa bora zaidi. Wanapasha unga kidogo na kupima uzito unavyoshuka joto linapopanda. Maji yaliyonata juu juu tu yanatangulia. Maji ya fuwele za chumvi yanafuata. Maji yaliyo sehemu ya udongo yanasubiri mamia ya nyuzi, kama kwenye tanuri la tofali. Joto ambalo maji yanatokea linasema yalikuwa yameshikwa na nini.

Na hapo palizuka swali lililochukua miaka mingi. Ndani ya vimondo vya kundi hili kulikuwa na mishipa myeupe ya salfeti zenye maji, ikiwemo magnesiamu salfeti yenye maji saba, ile ile inayouzwa kwenye mifuko ya mbolea. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni alama ya maji ya chumvi yaliyopita ndani ya mwamba huko angani. Mwaka 2001 watafiti wa vimondo Gounelle na Zolensky walitoa hoja kwamba mishipa ile imeota hapa duniani, kwenye makabati ya makumbusho: chumvi za kimondo zilivuta unyevu wa hewa, zikayeyuka kidogo, zikaganda upya. Desemba 6, 2020, chombo cha Japani cha Hayabusa2 kilishusha gramu 5.4 za mchanga wa Ryugu, asteroidi, yaani mwamba mdogo unaozunguka jua, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yakaonyesha mchanga ule unafanana na jiwe la Ivuna kuliko vimondo karibu vyote vinavyojulikana. Salfeti hizo hawakuziona. Mchanga wa Ryugu ulikuwa haujawahi kukutana na hewa yetu, na mpaka sasa unatunzwa ndani ya nitrojeni safi ili usikutane nayo.

Mwalimu wa kidato cha tatu pale Momba anaweza kufundisha maji ya fuwele kwa kuanzia kijijini kwake, na akiwa na mizani, neli na gramu 5 za mrututu, watoto wake watapima wenyewe.